Bi Ngoja na Mtoto Asiyegeuza Neno

Jina lake kamili lilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, lakini wageni wake wengi walikuwa bado hawajajua kusoma, kwa hiyo halikuwafaa kitu. Wao walimwita Bi Ngoja. Ilianza kwa mtoto mmoja aliyeulizwa na mama yake, "Umefanya nini huko ndani?" akajibu, "Nilikuwa na Bi Ngoja." Karani wa mapokezi alilisikia, akacheka mpaka akavua miwani, na tangu siku hiyo hata daktari mkuu wa kituo alilitumia. Mwenyewe hakuchukia. Nusu ya michezo yake ilianza kwa neno hilo: ngoja kwanza, usishike, ngoja kwanza, nisikilize, ngoja kwanza, bado zamu yako.

Kazi yake ilikuwa kupima watoto. Mizani na utepe wa urefu vilikuwa chumba cha pili, kwa muuguzi. Yeye alipima jambo lisiloshikika: namna mtoto anavyojiongoza. Je, anaweza kuuzuia mkono unaotaka kunyakua? Anakumbuka aliloambiwa huku akifanya jingine? Kanuni ya mchezo ikibadilika katikati, anabadilika nayo au anang'ang'ania ya zamani? Vitabu vina majina marefu ya mambo hayo, na yeye aliyajua yote, ila kwa wazazi aliyaacha kabatini.

"Kichwani mwa kila mtu mna nyapara," aliwaambia. "Mdomo unataka kuropoka, yeye anasema subiri uulizwe. Umetumwa chumvi na kiberiti, yeye ndiye anayekukumbusha kiberiti. Sasa, nyapara wa mtoto naye ni mtoto. Anasinzia kazini. Mimi namchungulia tu, nione amefikia wapi."

Wazazi walicheka, mabega yakashuka. Hilo ndilo alilolitaka, kwa sababu mzazi mwenye hofu humwambukiza mtoto wake, na mtoto aliyeogopa hapimiki.

Waliomjua vizuri walijua pia kwamba nyapara wa Bi Ngoja mwenyewe alikuwa mtoro wa siku nyingi. Utotoni alilelewa na shangazi yake. Alitumwa mafuta ya taa, akarudi na kopo tupu na habari kamili ya sisimizi waliokuwa wakikokota mguu wa panzi. Shangazi akamfunga uzi kidoleni, akamwambia, "Ukiuona huu, jiulize: nimetumwa nini?" Mara nyingine alirudi bila mafuta, na bila uzi pia. Majirani walimwita kichwa maji. Shangazi alikataa katakata. "Kichwa chake kina madirisha mengi," alisema. "Atajifunza kuyafunga mengine." Maneno hayo aliyabeba mpaka alipokuwa mwalimu wa chekechea, na yalimsukuma baadaye arudi chuoni kusomea upimaji, katika umri ambao wenzake walikuwa wanasomesha watoto wao. Alitaka kuwa mtu anayeyaona madirisha.

Mpaka nywele zilipoanza kuota mvi hakuwa amepona. Alitafuta miwani aliyoivaa. Alichemsha maharage mpaka yakawa makaa. Mume wake, fundi redio aliyekuwa na karakana ubavuni mwa nyumba, alizoea kunusa hewa na kusema bila kuinua kichwa, "Mama watoto, mganga hajigangi. Jiko."

Chumba chake kituoni kilikuwa kidogo na safi. Palikuwa na meza fupi na viti vya kimo cha watoto, ambavyo naye alivikalia, magoti yakifika karibu na kidevu. Rafuni palikuwa na vibao vya kujengea, kadi za picha, bilauri moja ya kioo na kopo la biskuti. Dirisha lilitazama ukuta, kwa makusudi, maana la chumba chake cha zamani, lililotazama barabara, lilikuwa limemshinda kila mtoto, na Bi Ngoja mwenyewe.

Asubuhi moja mzee mmoja aliingia mapokezi, amemshika mkono mjukuu wake wa kike. Alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, na kifuani amechomeka pini tatu bila kujua.

"Shikamoo, Bi," mtoto alisema kabla hajafika mlangoni alikosimama Bi Ngoja.

"Marahaba, mwanangu. Unaitwaje?"

"Bobini."

Mzee alikohoa. "Jina la nyumbani hilo, mama. Mimi ni fundi cherehani. Huyu alipoanza kutembea alikuwa akizunguka miguuni pangu kama bobini ya uzi, basi likamganda. Wazazi wake hawapo tena. Tuko wawili." Alitoa barua mfukoni. "Shule wanataka abaki tena chekechea. Mwaka jana walimbakisha, nikanyamaza. Sasa na wale waliokuwa wadogo zake wanapanda darasa la kwanza." Akaitazama kofia yake. "Sare nimeshaishona."

Barua ya mwalimu mkuu ilikuwa fupi. Mtoto hatulii. Anainuka kitini kila mara. Katika michezo ya darasani huwa wa mwisho kuelewa. Shule iliomba kituo kimpime kabla ya kuamua, na uamuzi ungefuata matokeo.

"Haya, Bobini, twende tukacheze," alisema Bi Ngoja.

Mzee alimwinamia mjukuu wake, akamnyoosha ukosi. "Huko ndani mkubwa akisema?"

"Nafanya."

"Neno la mkubwa?"

"Haligeuzwi, Babu."

"Nenda."

Bi Ngoja aliyasikia hayo kwa masikio yake yote mawili. Akatabasamu, akafungua mlango, na nyapara wake akalala palepale.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kungoja. Aliweka biskuti chini ya bilauri, akamwambia Bobini asiiguse mpaka atakaporudi, kisha akasimama nje akichungulia kwenye kioo cha mlango. Watoto wengi huilamba bilauri. Wengine huimba, wengine huikalia mikono. Bobini aliitazama ile biskuti, akaisogeza bilauri kidogo ikae katikati ya meza, akaikunja mikono. Miguu tu ndiyo iliyofanya kazi, ikikanyaga chini, juu, chini, juu, kama iko kwenye pedali. Bi Ngoja aliporudi, mtoto aliinuka akamvutia kiti.

"Mzuri sana huyu," Bi Ngoja alijisemea.

Kisha akatoa kadi. "Huu ni mchezo wa kipuuzi, Bobini. Ukiona jua, wewe sema 'usiku.' Ukiona mwezi, sema 'mchana.' Umeelewa?"

"Ndiyo, Bi."

Akainua jua.

Bobini alilitazama, akamtazama Bi Ngoja, akasema kwa upole mwingi, kama mtu anayemsaidia mzee asiyeona vizuri, "Ni mchana, Bi."

Akainua mwezi.

"Usiku, Bi. Huu ni mwezi."

Na kadi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka zikaisha.

Ukaja mchezo wa mwili. Nikisema shika kichwa, wewe shika vidole vya miguu. Nikisema shika vidole vya miguu, wewe shika kichwa. Mtoto mwenye nyapara mchanga huchukua lile neno jinsi lilivyo. Mwenye nyapara aliye macho hujizuia, akakumbuka kanuni, akaligeuza. Bi Ngoja alisoma maelekezo neno kwa neno, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya kazi: ukiongeza lako au ukipunguza, kipimo si kipimo tena.

"Shika kichwa."

Mikono ya Bobini ilishuka kidogo. Ilisimama hewani. Mtoto aliuma mdomo wa chini, akautupia jicho mlango ambao babu yake alikuwa nyuma yake, kisha akaipandisha mikono polepole, akashika kichwa.

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Alama zilipojumlishwa, michezo yote miwili ya kugeuza ilipata sifuri.

Mzee alikuwa amesimama Bi Ngoja alipotoka. "Vipi, mama?"

"Bado, Mzee. Nina kazi ya kuyasoma haya."

"Lakini kafaulu?"

Bi Ngoja hakuwahi kujua namna ya kudanganya kwa uso. Mzee alimtazama, akavaa kofia, akasema, "Ahsante," akamchukua mjukuu wake wakaondoka. Mlangoni Bobini aligeuka akapunga mkono.

Karani alichungulia juu ya kompyuta. "Dada, mbona umeishika biskuti kama mganga aliyeshika tunguri?"

"Mtoto aliyeweza kuiacha hii," Bi Ngoja alisema, "ameshindwa mchezo ambao mdogo wake angeuweza. Nani anaweza kuzuia tumbo akashindwa kuzuia mkono?"

"Labda hapendi biskuti."

"Nilimpa nyingine. Kaila mpaka vumbi."

Jioni ile alipika huku akifikiri, na hilo ni kosa kwa mtu kama yeye. Mume wake alipoingia na bisibisi sikioni, sufuria lilikuwa limeanza kunukia vibaya.

"Jiko, mama watoto."

"Ngoja kwanza. Simama hapo. Nikisema shika kichwa, wewe shika vidole vya miguu."

"Na mgongo wangu huu?"

"Shika kichwa!"

Fundi redio alishika kichwa.

"Umekosea! Ulitakiwa ugeuze."

"Mke wangu," alisema, akizima jiko kwa mkono wa pili, "miaka yote hii nimeishi kwa amani humu ndani kwa sababu ukisema jambo nalifanya. Nianze leo kufanya kinyume cha usemalo, nitalala wapi?"

Bi Ngoja alicheka, halafu akaacha kucheka. Mwiko ulibaki hewani ukidondosha mchuzi sakafuni. Sasa ndipo alipoyasikia tena, moja baada ya jingine, maneno ya mapokezi. Mkubwa akisema? Nafanya. Neno la mkubwa? Haligeuzwi.

"Alijizuia!" alisema.

"Nani?"

"Mtoto! Mikono ilianza kushuka, nikaiona kwa macho yangu. Aliijua kanuni. Akajizuia asinivunjie heshima. Na mimi nikamwandikia sifuri kwa kujizuia kuliko wote!"

"Basi kazi imekwisha," mume wake alisema. "Futa sifuri, tule."

"Haifutiki. Nikianza kufuta ninachodhani nakijua, kesho nitafuta nisichokijua." Akaketi. "Lazima nikamwone alipo."

Kumwona mtoto mahali pake kuliruhusiwa. Ilikuwa sehemu ya kazi ambayo wapimaji wengi huiahirisha kwa kukosa muda. Kesho yake alasiri, Bi Ngoja alichukua sketi yake ya bluu iliyoachia pindo, ili asiende mikono mitupu, akauliza njia mpaka akafika.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao uliokunjwa nje. Cherehani ilikaa karibu na mwanga. Pasi ilikuwa juu ya kibao chenye alama za kuungua, nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba, na kwenye msumari peke yake, ndani ya mfuko wa nailoni, ilikaa sare ndogo ya shule. Pindo lake lilikuwa pana, la kushushwa mwaka hadi mwaka. Bi Ngoja aliitazama mara moja, akageuza macho.

Bobini alikuwa kwenye kigoda akichambua vifungo. Alipomwona, aliinuka palepale, akakipangusa kigoda kwa kiganja.

"Shikamoo, Bi. Kaa."

"Marahaba. Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nasimama mpaka mgeni aondoke."

Wakati Bi Ngoja akimweleza Mzee mambo ya pindo, aliingia mwanamke aliyefuata gauni lake. Bobini, ambaye Bi Ngoja alikuwa amemketisha kwenye robota la vitambaa, aliinuka tena. Akaingia kijana wa kupunguza suruali, akainuka. Bi Ngoja alihesabu moyoni walimu wanaoingia na kutoka darasani kwa siku moja, akaielewa ile sentensi ya barua: anainuka kitini kila mara.

Miguu, hata hivyo, kweli haikutulia. Hata aliposimama, unyayo mmoja ulikanyaga pedali isiyokuwepo. Barua haikuwa imesema uongo wote.

Wateja walipopungua, Bi Ngoja aliinama. "Bobini, leo wewe ndiye mkubwa. Mimi ndiye mtoto. Wewe utasema shika kichwa au shika vidole, mimi nageuza kama nilivyokuonyesha. Nikikosea, nirekebishe."

Mtoto alimtazama babu yake. Mzee, sindano mdomoni, aliinua mabega.

"Shika kichwa, Bi," alinong'ona.

Bi Ngoja alikuwa amepanga kukosea kwa makusudi. Hakuhitaji. Kichwa chenye madirisha mengi kilikuwa kinaitazama ile sare, na mikono yake ikashika kichwa yenyewe.

"Umekosea, Bi!" Bobini alipiga kofi moja. "Nikisema kichwa, wewe vidole!"

"Ah! Samahani."

"Shika vidole!"

Bi Ngoja aliinama nusu, akakumbuka, akashika kichwa.

"Hapo sawa, lakini ulikuwa unataka kukosea. Nimekuona. Shika vidole!"

Aliinama tena.

"Aaa, Bi! Nimesema vidole mara mbili ili nikunase!" Bobini alicheka mpaka vifungo vikamwagika. Kijana wa suruali, aliyekuwa bado anangoja, alijaribu naye, akashindwa vibaya zaidi. Kisha mtoto akaongeza mabega na magoti bila kuambiwa na mtu, akamwendesha Bi Ngoja juu chini, na hakuna kosa hata moja lililompita.

"Mbona jana ulishika kichwa nilipokuambia kichwa?" Bi Ngoja aliuliza akihema.

Bobini aliacha kucheka. "Wewe ni mkubwa," alisema, na kuinama kuokota vifungo.

Mzee alitoa sindano mdomoni. "Kumbe mimi ndiye niliyemfelisha."

"Hukumfelisha, Mzee. Umemlea. Kosa ni langu, nilikusikia ukimwambia na sikutia akilini." Alisogeza kigoda karibu. "Sikiliza. Sifuri ya jana itabaki, siwezi kuifuta. Haya niliyoyaona nitayaandika, ila mchezo nilioutunga mwenyewe dukani hautoi alama. Kuna seti ya pili ya kipimo, yenye michezo mingine ya kugeuza, na naruhusiwa kumpima tena. Maelekezo siwezi kuyabadilisha hata herufi. Lakini kabla hajaingia, mlezi anaweza kumwambia mtoto lolote. Wewe ndiye anayeweza kumruhusu."

"Nimruhusu nini?"

"Kugeuza neno la mkubwa. Mle ndani tu."

Mzee alichukua chaki, akaichonga ncha kwa wembe ingawa ilikuwa na ncha.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi si kijana. Siku nitakapoondoka, huyu hatarithi nyumba wala shamba. Ataingia kwa watu. Na watu humpokea mtoto mwenye adabu, asiye nayo humsukuma mlangoni. Nimemshonea hiyo tangu hajui kusema. Leo nimwambie mkubwa akisema hivi, afanye vile? Nyuzi za mtoto hukatika upesi. Nani atazishona tena?"

Bi Ngoja alijua majibu mengi ya vitabuni, na yote yalionekana kama viatu vya mtu mwingine.

"Nisingependa umvue adabu yake, Mzee," alisema. "Mlete kesho kutwa ukiamua. Usipoamua, nitaandika niliyoyaona, na shule watayasoma watakavyo."

"Na mwalimu mkuu husoma maandishi?"

"Husoma nambari kwanza."

Aliondoka na mkoba wake, akausahau mwamvuli wake, na sketi hakuilipia wala hakuulizia itakuwa tayari lini.

Siku iliyopangwa ilifika, na saa ya miadi ikapita. Bi Ngoja alipanga kadi, akazipangua, akazipanga. Karani alimletea chai akaisahau. "Dada," karani alisema, "unatembea kama baba mtarajiwa. Kaa."

"Nikikaa naviona viti vitupu."

Ndipo mlango wa nje ukafunguka. Mzee aliingia na mwamvuli kwapani, sketi ya bluu begani na Bobini mkononi. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mapokezi, akaitandaza sketi, akamwita mjukuu wake asimame mbele yake.

"Jana tuliishona hii," alisema. "Kabla sijaanza, nilikuambia uifanyeje?"

"Niigeuze ndani nje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nguo hushonwa upande wa ndani, Babu. Ukishona juu juu, mshono utaonekana."

"Ulipoigeuza, uliiharibu?"

"Hapana."

"Uliidharau?"

Bobini alicheka kidogo. "Nguo haidharauliwi, Babu."

"Na tulipomaliza?"

"Nikaigeuza tena. Upande wa kuvaa."

Mzee aliinyoosha sketi kwa viganja. "Basi sikiliza vizuri. Mle ndani, maneno ya Bi ni nguo ya kushonwa. Akikuambia uyageuze, yageuze ndani nje. Hutaharibu kitu. Hutamdharau, ndivyo atakavyo mwenyewe. Ukitoka kwenye mlango huu, yote unayarudisha upande wa kuvaa. Tumeelewana?"

Mtoto alifikiri. Uliona kabisa kwamba anafikiri, maana hata miguu ilisimama.

"Na wewe umeruhusu, Babu?"

"Nimeruhusu."

"Neno lako si la kugeuza?"

"Langu ni la kuvaa."

Karani aliinamia kompyuta yake na kupenga kamasi.

Seti ya pili ilikuwa na paka na mbwa: ukimwona paka useme "hau," ukimwona mbwa useme "nyau." Bi Ngoja alisoma maelekezo herufi kwa herufi, akijizuia asiongeze hata tabasamu, na kujizuia huko kulikuwa kukubwa kwake. Akainua paka.

Bobini alivuta pumzi. Mkono wake mdogo uligeuka juu ya meza, kiganja juu, kama mtu anayepindua mkono wa shati.

"Hau," alisema.

Mbwa.

"Nyau."

Alikosea mara moja, akajisahihisha kabla kadi haijashuka. Katika mchezo wa mwili alikosea tena kanuni ilipobadilishwa ghafla, akasema "Ngoja kwanza" kwa sauti, akaanza upya, akaenda nayo mpaka mwisho. Watoto wa umri wake hukosea hivyo, na wengine zaidi. Wakati wote ule miguu iliendelea kukanyaga pedali yake chini ya meza, na Bi Ngoja aliliandika hilo pia.

Aliandika yote. Sifuri ya kwanza aliiacha pale pale ilipokuwa, na chini yake akaeleza ilikotoka, na kwamba kosa la kutouliza lilikuwa la mpimaji. Kisha, kwa kuwa alimjua mwalimu mkuu kuwa mtu wa nambari kwanza, hakutuma karatasi peke yake. Aliipeleka mwenyewe, akangoja isomwe.

Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye shule kubwa na walimu wachache, alisoma nambari. Akasoma maandishi. Akarudi kwenye nambari. "Anainuka kila mtu mzima anapoingia?" aliuliza. "Ili ampishe kiti?"

"Kila anayeingia."

Mwalimu mkuu alitazama nje, ambako darasa zima lilikuwa likipiga kelele bila hata mmoja kumwona mwalimu aliyepita. "Na mimi nikawa namwambia kaa chini," alisema taratibu. "Na miguu je?"

"Miguu haitatulia hivi karibuni. Mpe kiti cha pembeni, umtume chaki mara kwa mara. Na ukitaka ageuze jambo, mwambie kwamba umemruhusu."

"Darasa la kwanza, basi," mwalimu mkuu alisema, na kuandika.

Tangu hapo Bi Ngoja aliongeza jambo moja kazini mwake. Kabla ya kufunga mlango wa chumba humgeukia mlezi na kumuuliza: "Nyumbani kwenu, mkubwa akisema jambo, mtoto anaruhusiwa kulifanyia mchezo?" Hulisahau mara nyingi. Karani hulikumbuka kwa ajili yake, hugonga kaunta kwa kalamu na kusema, "Dada, uzi wako."

Jioni ya siku ile alipita dukani kuwapa habari. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, halafu akaketi kwenye cherehani na kushona kwa kasi kipande cha kitambaa ambacho hakikuwa cha mteja yeyote. Alipokwisha, alikwenda msumarini, akaitoa sare kwenye nailoni na kuikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. Bobini aliivaa juu ya gauni lake. Ilimpwaya kwa hesabu ya mwaka mzima.

"Atakua," Mzee alisema.

"Atakua," Bi Ngoja aliitikia, na kuaga. Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia nyayo zikimkimbilia. Bobini alikuwa ameushika mwamvuli wake, uliosahaulika kwa mara ya pili mahali palepale.

"Ahsante, mwanangu. Haya, rudi kwa babu yako."

Mtoto hakusogea. Aliinua uso, mikono ya sare ikiwa imemfunika mpaka vidoleni.

"Bi, hilo la kugeuza au la kuvaa?"

"La kuvaa, Bobini," alisema Bi Ngoja. "La kuvaa."

Ndipo akakimbia kurudi.